Pesa Imelala

Barua ilisema: pesa ya masomo
ilale katika akaunti siku ishirini na nane
bila kuguswa.
Karani wa benki pale Nyawera
aliegemeza shavu juu ya kiganja, akafumba macho,
ili Mama aelewe.
Mama alielewa. Akauliza:
"Na nani ataibembeleza?"

Hatukuwa na ya kulaza.
Kulikuwa na dola mia tatu na arobaini za mabati yangu.
Kulikuwa na likelemba ya wauza sambaza wa Kadutu,
zamu ya Mama Nabintu, aliyekubali kungoja.
Mjomba Bahizire akaleta ya ng'ombe aliyeuzwa Walungu,
noti bado zinanuka zizi.
Mwalimu Kulimushi alileta bahasha, akataka risiti.
Tukamwandikia risiti.
Hata fundi viatu wa Essence, ambaye si ndugu yetu,
alitoa hamsini:
"Iwekeni na wenzake, nayo isinzie kidogo."

Kisha jina.
Diploma inasema Cibalonza.
Cheti cha kuzaliwa kinasema Chibalonza,
maana karani wa komine mwaka ule
aliandika alivyosikia.
Pasipoti, ambayo tuliingoja miezi saba,
inasema Tshibalonza.
Tukalipia kiapo, mashahidi wawili, mihuri mitatu,
kuthibitisha kwamba wasichana hawa watatu
wanakula ugali kwenye sahani moja
na wana kovu moja kwenye goti la kushoto.
"Mna hakika?" aliuliza mwenye muhuri.
Hakutabasamu.

Siku ya kumi na moja mvua ilishuka Panzi
kama mtu anayedai.
Nikatega beseni mbili na sufuria ya maharage.
Dada yangu alihamisha makaratasi kutoka kitandani hadi mezani,
kutoka mezani hadi tumboni, ndani ya sweta.
Mabati yangu yalikuwa benki,
yamelala mahali pakavu.

Siku ya kumi na tisa Mjomba alikuja
na Ashuza wake, aliyefukuzwa shuleni kwa ada.
Alikunywa chai yote. Aliuliza habari za mguu wa Mama.
Akiwa mlangoni akageuka:
"Bado imelala?"
"Bado."
"Basi tusipige kelele."
Mtoto alitembea nyuma yake
akiwa amebeba daftari kichwani.

Fomu ilikuwa na maswali mengi,
na moja lilikaa wazi hadi mwisho:
Kitu gani kitakurudisha nyumbani?
Mistari miwili tu, ya nukta nukta.
"Niandike nini?" aliniuliza.
Nilitazama juu. Beseni likalia, tii.
Akaandika: Mali ya familia.

Siku ya ishirini na tisa benki ilitoa karatasi moja,
nzito kidogo, yenye muhuri wa bluu.
Pesa ikaamka kabla ya saa sita.
Mwalimu alitangulia, risiti mkononi.
Akafuata Mama Nabintu, akafuata Mjomba
ambaye alihesabu mara mbili na kuomba radhi mara mbili.
Saa nane akaunti ilikuwa na dola nne,
na hizo nne benki ilizitaka.

Jibu halijafika.
Cibalonza hukimbilia simu hata ikiwa ni yangu.
Mabati nimepata kumi na moja; bei ilikuwa imepanda
wakati sisi tunanyamaza.

Lakini nakala moja ya ile karatasi niliiomba.
Umeme ukikatika usiku naimulika kwa simu:
jina letu, herufi zote zimekubaliana,
na chini yake ile tarakimu,
ndefu, imejinyoosha, haina habari na mtu.
Naikunja palepale ilipokunjwa, nairudisha kabatini.
Na Mama, akipita hapo na ndoo yake,
hadi leo
hupunguza sauti.